Mstari Uliomezwa Siku ya Harusi ya Kassim

Wanangu, mkipita mtaani kwetu mkaniona nacheka peke yangu, msidhani uzee umenipanda kichwani. Nakumbuka kazi. Wenzangu waliostaafu wanakumbuka safari na mabosi. Mimi nakumbuka nukta. Nimefanya kazi ya kufagia nukta, wallahi, nikalipwa mshahara, nikasomesha watoto, na mpaka leo hapa Bagamoyo sijampata jirani aliyenielewa. Mmoja alikwenda kaburini, Mungu amrehemu, akiamini nafundisha ushonaji.

Basi nawaeleza nyie, mlioshika kompyuta kabla ya kushika kijiko.

Kwenye kompyuta za Unix, kama zile za kituo chetu kidogo cha vipimo vya bahari, kila programu ina ukurasa wake wa maelezo. Unaandika man, unaacha nafasi, unaandika jina la programu, na ukurasa unajitokeza: programu hii ni ya nini, unaiamrisha vipi, ina hatari gani. Vichwa vya habari vimekoza, aya zimekaa sawa kama mikeka ya msikitini. Hicho ndicho wanachokiona watu. Lakini nyuma ya ukurasa kuna faili, na faili hilo ni kama upande wa ndani wa kofia ya vito. Nje maua, ndani mafundo na nyuzi zinazoning'inia. Mna nukta, mna mikwaju iliyolala kinyume, mna herufi kubwa mbilimbili. Nukta na SH, hicho ni kichwa cha habari. Nukta na PP, aya mpya. Nukta na B, maneno yakoze. Mimi, Chausiku binti Shomari, nilikuwa fundi wa upande wa ndani.

Nilianza kama mpiga chapa. Siku zile mashine za chapa zilipoondolewa, mkuu wa kituo alinikuta nimekaa mbele ya meza tupu, vidole bado vinacheza hewani. Akanionea huruma, akanipeleka chumba cha kompyuta kwa Bwana Hemedi.

Bwana Hemedi alikuwa mtu wa Pangani, mrefu kama mlingoti, miwani kaifunga kwa uzi wa nyavu. Programu zetu nyingi aliziandika yeye. Hakuwahi kunigombeza hata siku moja. Akiona kosa alichekea puani, kisha anauliza, "Bi Chausiku, huyu naye kafuata nini hapa?" kana kwamba nukta ni mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye mihogo. Nami nikitazama, kweli, mbuzi yumo! Nukta imekaa mahali ambapo haikualikwa.

Kazi ile ina vituko, acheni. Ukitaka maneno yakoze katikati ya mstari, unaweka alama ya kuyakoza, na yakiisha unaweka alama ya kuyarudisha kawaida. Mtaalamu mmoja mgeni alisahau kuyarudisha. Ukurasa ukakoza, tangu aya ya pili mpaka chini kwenye jina lake mwenyewe. Mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo akapewa ausome mbele ya wageni wa heshima, naye akaanza vizuri, kwa upole, alipofika pale penye wino mzito akapaza sauti. Akafoka! Mishipa ya shingo imemsimama, anatangaza vipimo vya chumvi kama mtu anayefukuza mwizi. Mgeni mmoja alirudi nyuma na kiti chake.

Tulipotoka nikamuuliza, "Mwanangu, mbona ulikuwa unafoka?"

"Si imeandikwa kwa nguvu, mama?"

Sasa niwape elimu kidogo, maana kicheko bila faida ni njaa. Usiache mstari mtupu katikati ya faili. Ukitaka nafasi, iombe kwa alama yake. Usiache nafasi mwishoni mwa mstari, ni makombo ya mkate, hayaonekani lakini sisimizi watayaona. Na kubwa kuliko yote, sheria ya Bwana Hemedi: sentensi moja, mstari mmoja. Kompyuta itaziunganisha yenyewe ziwe aya. Faida yake ni kwamba kesho ukibadili sentensi moja, mwenzako ataona umegusa mstari mmoja tu, hatatafuta mabadiliko kwenye aya nzima kama mtu anayetafuta pete mchangani. Bwana Hemedi aliipenda sheria hiyo kama watu wanavyopenda timu ya mpira. Alikuwa akifungua faili la mtu mwingine, akikuta sentensi mbili mstari mmoja, anazitenganisha kwanza, ndipo anamuuliza mwenye faili kilichomleta.

Na kuna alama ukiianzishia mstari, maneno yanayofuata hayatokei kabisa kwenye ukurasa. Ni ya mafundi kupeana habari. Sisi tuliitumia ipasavyo. Nilikuwa nafungua faili la programu ya mawimbi, nakuta: "Maandazi yako kabati la chini. Mhasibu asijue." Nami najibu chini yake: "Nimekuta mawili. Wewe ulikula mangapi?" Kwa hiyo mkiona mafaili yetu ya zamani yana uzito mkubwa kuliko kurasa zake, msishangae, mna maandazi humo.

Haya. Sasa nimlete Kassim.

Kassim alikuwa kijana wa Mkange, mtoto wa wakulima. Aliajiriwa akapelekwa kwenye tawi letu dogo upande wa Saadani, akae na vyombo vya kupimia maji na kompyuta moja. Kijana mchapakazi, mcheshi, ana adabu, ila bahari alikuwa anaijua kwa kuonyeshwa. Kuogelea hajui. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kuchapa majedwali ya maji kwa programu mpya ya Bwana Hemedi. Unaipa jina la mahali, inakupa kwa kila siku bahari itakupwa saa ngapi na kujaa saa ngapi. Tuliiita kupwa. Majedwali yale yalikuwa yapelekwe kwenye mashamba ya chumvi, kwa vibarua wanaotoka bara kila msimu. Wale hawajui bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, wala maji mafu, yanapotulia, na njia yao ya kwenda kazini inakatiza mahori, ile mikono ya bahari inayoingia ndani ya nchi kavu, ambayo maji yakitoka unapita kwa miguu, yakirudi yanakufunika.

Kassim alinipigia simu siku alipoanza.

"Shikamoo, Bi Chausiku."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo huko?"

"Sijambo, mama. Ila programu imenikataa. Naandika amri kama ilivyo kwenye ukurasa, inasema hainielewi."

"Umeweka kistari kabla ya herufi?"

"Nimekiweka. Yaani nimekikopi kwenye ukurasa."

"Ulipokikopi umekopi kistari gani?"

Akauliza taratibu, kama mtu anayezungumza na bibi yake aliyeanza kusahau, "Mama, kwani vistari viko vingapi?"

Nilicheka mpaka simu ikaniponyoka. Wanangu, vistari ni viwili, na sura yao ni moja, kama Kulwa na Doto. Kimoja ni cha kuunganisha maneno, kingine ni cha amri. Kwenye faili ukiandika kistari kitupu, ukurasa unaweza kukutolea kile cha maneno. Jicho halioni tofauti, kompyuta inaiona. Ukitaka cha amri, tanguliza mkwaju wa kinyume. Kumbe kwenye ukurasa ule kimoja kilikuwa kimetuponyoka.

"Umemwita Kulwa, kaja Doto," nikamwambia. "Futa, uandike kwa mkono wako."

Akaandika. Ikakubali. Nikasikia shangwe kule, anajipigia makofi peke yake.

Bwana Hemedi niliporipoti alichekea puani, akasema, "Basi nitaupitia ukurasa wote mwenyewe, mpaka ung'ae." Akaupitia. Akarekebisha vistari vyote, akafagia makombo, akatenganisha kila sentensi ikae mstari wake. Ukang'aa kweli. Tukaupeleka Saadani, Kassim akachapa majedwali, tukasahau.

Wakati huo huo Kassim alikuwa kapata mchumba. Mwajuma, mwalimu wa chekechea, binti wa Mzee Pazi mwenye mashamba ya chumvi ng'ambo ya hori, si mbali na Saadani. Mzee Pazi hakuwa na furaha sana. Mahari aliipokea, lakini alishawahi kumngoja Kassim siku ya kwanza ya kujitambulisha tangu adhuhuri hadi jua linatua, maana kijana pikipiki ilimharibikia porini. Tangu siku ile alikuwa akimwita "yule bwana wa kesho."

Kassim akaapa kwamba siku ya nikahi hatachelewa hata dakika. Akafungua jedwali lake mwenyewe, akachagua siku ya bamvua, maji yanapotoka sana. Jedwali linasema kupwa 10.10. Saa kumi na dakika kumi jioni! Watu wamekwisha kusali alasiri, jua limepoa, msafara unakatiza hori kwa miguu juu ya mchanga mkavu, ngoma mbele, sinia za halua nyuma, magharibi haijaingia bwana harusi keshaoa. Nani angepanga vizuri zaidi ya hapo?

Nilialikwa. Bwana Hemedi goti lilimzuia, akabaki Bagamoyo. Mimi nikaungana na watu wa Mkange kwenye pikapu ya kituo, na nyuma yetu fuso la jirani yao limejaa akina mama wanaimba mpaka sauti zimekauka. Mbele nimekaa na Kassim, kanzu nyeupe, joho, kilemba, jedwali kalikunja mkononi kama hati ya shamba. Kando yetu mjomba wake, mkulima wa ufuta, mtu mnene mwenye sauti nene, ambaye bahari alikuwa hajaiona hata kwa mbali.

Tukafika hori.

Subhanallah! Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko. Yamejaa yakatulia, yanang'aa, yanajitazama. Ng'ambo ya pili watu wa Mzee Pazi wamepanga viti, shehe kakaa, watoto wamepakwa wanja. Wakatuona. Vigelegele vikaanza, vikapungua, vikafa.

Kassim akatazama jedwali. Akatazama maji. Akatazama jedwali tena.

Mjomba akamuuliza, "Mpwa wangu, bahari ni hii?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na karatasi inasemaje?"

"Inasema pakavu."

Mjomba akayatazama maji kwa makini sana, kama mtu anayetaka kutenda haki kwa pande zote mbili. "Labda," akasema, "haijasomewa."

Ng'ambo Mzee Pazi kasimama, mikono nyuma. Sauti yake ikaja juu ya maji, haina haja ya kipaza sauti: "Bwana wa kesho! Kama hori limekushinda, binti yangu utamvusha wapi?" Tukamwona shehe anatazama saa yake. Alikuwa na nikahi nyingine kijiji cha pili kabla ya magharibi, tulielezwa baadaye. Nikamtazama Kassim, nikaona analikunja na kulikunjua jedwali. Hapo kicheko kiliniisha chote. Kijana wa watu alikuwa anakaribia kumkosa mke mbele ya ukoo mzima.

Simu yake ikalia. Mwajuma, yuko chumbani kafungiwa na mapambo yake. Kassim kabonyeza sipika, sote tukasikia.

"Uko wapi?"

"Niko ng'ambo."

"Ng'ambo ya nini?"

"Ya maji, Mwajuma. Maji yamejaa."

"Si lazima yajae? Jioni hii ya bamvua! Yalikauka saa nne asubuhi, sisi wenyewe tulivuka kwenda kuazima viti. Baba uliposema saa kumi alishangaa, nikamwambia labda wenzetu wana boti."

Saa nne asubuhi. Wanangu, niliposikia saa nne moyo ulinipiga paa! Kwa Mzungu saa nne asubuhi yetu inaitwa kumi. Programu ilikuwa imechapa kwa saa za Kizungu, sisi tumesoma kwa saa zetu, na ilichapa saa na dakika tu, haisemi asubuhi wala jioni, kwa kubana nafasi. Sasa oneni maajabu ya Mungu: saa zetu na za Kizungu zimepishana sita. Na bahari nayo, kutoka kupwa hadi kujaa, inachukua saa sita na ushei. Ukikosea saa unapata kinyume chake kamili! Pakavu panakuwa kilindi, kilindi kinakuwa pakavu. Angekuwa na nia ya kumkomoa Kassim, shetani mwenyewe asingepanga vizuri kuliko hivyo.

"Kassim!" nikamshika joho. "Hukuongeza kistari s?"

"Kistari s ipi?"

"Ya saa za Kiswahili. Iko kwenye ukurasa."

"Mama, haiko."

"Iko! Sentensi ile nimeiandika mimi."

"Mama, ukurasa mpya mlioniletea nimeusoma mpaka nimeuhifadhi. Haiko."

Hatukuweza kuendelea, maana Mzee Pazi alikuwa anakuja. Kachukua mtumbwi wake wa kubebea chumvi, kasimama nyuma, anausukuma kwa upondo, uso kama jiwe la kiyama. Akagota kwetu. "Bwana harusi. Mjomba. Basi."

"Na mimi," nikasema.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyeandika."

Sijui alielewa nini, lakini aliniacha nikapanda, na sinia moja ya halua juu ya mapaja. Tukaondoka. Nyuma yetu akina mama wa fuso wakaanzisha wimbo tena, kwa woga kuliko furaha. Tulikuwa tumebakiza kidogo kufika ng'ambo, pale samaki mmoja, mkizi wa watu, hana habari na harusi, aliporuka mbele ya uso wa mjomba.

Mjomba alisimama. Hakusimama taratibu. Akapiga shahada kwa sauti, mtumbwi ukalala ubavu, na sote majini!

Maji yananiingia puani, baibui imenifunika, nasikia Kassim anapiga kelele, "Nakufa! Mwambieni Mwajuma nilifika!" Mjomba kamkumbatia shingoni, naye anaaga ukoo mmoja mmoja kwa majina. Nami nikaanza kutubu, tena nilianza na maandazi.

Ndipo tukasikia sauti ya Mzee Pazi juu yetu, imetulia kabisa.

"Simameni."

Tukasimama.

Maji yalikuwa ya kiuno.

Kassim kilemba kimemshuka puani, anashika jedwali lililolowa. Sinia ya halua inaelea, inakwenda zake baharini na heshima zake. Mzee Pazi akamtazama mkwewe, akamtazama mjomba ambaye bado alikuwa anaaga, shavu likaanza kumcheza. Kisha akapasuka. Mzee yule alicheka akajishika upondo, akacheka akakaa ndani ya maji kwa hiari yake. Na mimi ndiyo nikapata ruhusa. Ng'ambo hii na ile, watu walicheka hadi ndege wakahama mikokoni.

"Njoo, mwanangu," Mzee Pazi akasema akifuta macho, akamshika Kassim mkono. "Njoo uoe kabla hujafa tena."

Shehe alifungisha nikahi bwana harusi kavaa msuli na shati la baba mkwe, shati limemfika magotini. "Nimekubali" aliitamka meno yanagongana. Vigelegele vya mle ndani sijavisikia tena.

Lakini mimi roho haijatulia. Kwenye pikapu ng'ambo kulikuwa na bunda la majedwali, na kesho yake dereva alikuwa ayapeleke kwenye mashamba ya chumvi. Sisi tulipata kilindi tukakiona kwa macho. Kibarua wa bara akishaambiwa na karatasi kwamba maji bado yanatoka, ana nafasi ya kwenda na kurudi, ataingia katikati ya hori kavu, na maji yatamkuta humo. Kule mbali si maji ya kiuno.

Nikampigia dereva, nikamwambia karatasi zile asimpe mtu yeyote. Kisha nikamtafuta Kassim, nikamkuta mbele ya sinia ya pilau. Pikapu ikazungushwa kwa njia ndefu ya juu, ikafika usiku na kompyuta yake ya Saadani. Shangazi wa Mwajuma alipomwona bwana harusi anafungua kompyuta juu ya mkeka, akapiga kofi. "Jamani! Mke wa pili usiku huu huu?"

Kassim akaandika man kupwa. Tukasoma, vichwa vimegongana. Nilisoma juu hadi chini, chini hadi juu. Vistari vizuri, aya nzuri, ukurasa unang'aa. Sentensi yangu haimo.

Nikampigia Bwana Hemedi nyumbani kwake. "Fungua faili la kupwa. Sentensi ya saa za Kiswahili umeifuta?"

"Nifute? Naiona hapa. Iko mahali pake."

"Sisi hatuioni."

"Basi ninyi mnaona ukurasa, mimi naona faili." Kisha akasema, kama mtu aliyesikia hatua dirishani, "Ngoja."

"Bwana Hemedi, mstari wenyewe unaanza na nini?"

Akasoma pole pole. "Unaanza na... alama ya nukuu, halafu 'saa za Kiswahili', halafu..."

Wanangu, pale ndipo pa kutia akilini. Mstari ukianza na nukta, kompyuta inaona ni amri, hilo kila fundi analijua. Lakini mstari ukianza na ritifaa, ile alama inayoning'inia kwenye neno ng'ombe, nao pia inauhesabu amri! Na amri ikiwa haijulikani, kompyuta haikuulizi, haikuonyi. Inaumeza mstari mzima, inaendelea kama mtoto aliyemeza kitufe. Bwana Hemedi nukuu zake alikuwa akiziandika kwa ritifaa, nami nilimwiga. Mimi sentensi ile niliiandika ikaangukia katikati ya mstari, ikawa salama, ikaonekana. Yeye kwa sheria yake tukufu akaitenganisha, akaipa mstari wake peke yake. Ritifaa ikawa ya kwanza. Mdomo ukafunguka.

Kwenye simu nikasikia puani. Kisha nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia kwake, kicheko cha kinywa wazi, kikubwa, cha mtu wa Pangani kamili. "Sentensi moja, mstari mmoja!" akawa anasema, anashindwa kumaliza. "Sentensi moja, Bi Chausiku... mstari mmoja!" Goti lake lilipona jioni ile, naamini.

Ritifaa aliiondoa papo hapo, sentensi ikajitokeza. Kassim alichapa majedwali mapya kabla ya fungate yake kwisha, kwa ruhusa ya mkewe, na vibarua wakayapata msimu haujaanza. Yale ya zamani akina mama wa Mzee Pazi waliyafungia visheti vya wageni. Mimi nilipewa furushi langu, nikala visheti vitamu ndani ya kupwa za mwezi mzima, zote za uongo.

Baada ya fungate maharusi walikuja Bagamoyo kutuamkia. Wakaketi chumba cha kompyuta, Mwajuma na ushungi mpya, hina haijafifia. Bwana Hemedi akamwomba radhi rasmi, akamwonyesha sentensi yenyewe kwenye skrini, imekoza na kila kitu: saa za Kiswahili ukizitaka, ongeza kistari s.

Mwajuma akaisoma. Akaisoma tena. Mwalimu wa chekechea, mnawajua, hawana haraka.

"Shikamoo tena, Bwana Hemedi," akasema. "Naomba kuuliza. Programu hii mmeiandika hapa?"

"Hapa hapa."

"Kwa ajili ya watu wa hapa?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Sasa kwa nini saa zetu ndizo ziombewe kistari?"

Bwana Hemedi akanitazama mimi, nami nikamtazama Kassim, Kassim akatazama dari. Miaka yote ile tumefagia nukta, tumewinda Kulwa na Doto, tumenyoosha aya, na hakuna aliyejiuliza swali hilo. Bwana Hemedi akavuta kiti, akafungua programu yenyewe, si ukurasa, akabadilisha mbele yetu. Saa za Kiswahili zikawa ndizo za kawaida, na asubuhi na jioni juu yake, nafasi ikapatikana.

Kisha akanipisha kiti. Nikaifuta sentensi yangu, ile iliyonitupa majini na baibui, nikaifuta nikicheka, maana haikuwa na kazi tena.

"Andika wewe mpya," nikamwambia Mwajuma.

Akakaa, akaandika kwa kidole kimoja, ulimi nje kidogo kama wanafunzi wake: Wageni wanaotaka saa za kwao waongeze kistari k.

Bwana Hemedi akainama, akaikagua kwa miwani yake yenye uzi. Mbuzi hakumwona. Nami nilipostaafu niliuacha mstari ule kama ulivyo, sikuongeza wala kupunguza nukta.